Okidi Tisa

…na huu nao umeshakuwa mweusi, mzizi wa tatu asubuhi hii, Hidaya akaugusa kwa ncha ya sindano ya kushonea na mzizi ukalegea kama uzi wa zamani, basi, akauacha, akakigeuza kipande cha gamba la mti upande wa pili ayatazame majani, majani manne tu, kila moja dogo kuliko punje ya mchele, na ncha zote nne zimekauka zikawa rangi ya chai, jana zilikuwa mbili, au tatu, jana alikuwa na hasira na mwenye hasira hahesabu vizuri, lakini leo hana hasira, leo ametulia, leo anajua kazi iliyo mbele yake, baada ya sala ya Ijumaa shemeji Aboubakar atakuja na fimbo yake na kikohozi chake, ataketi sebuleni kwenye kiti chenye mito, Shaabani ataketi mkono wake wa kulia, mume wa wake wawili na bado mbele ya kaka yake anakaa kama mtoto wa shule, na wake wataulizwa, mkubwa kwanza, Hidaya sema, na Hidaya atasema, maneno ameshayapanga tangu alfajiri, mafupi, hayana matusi, mimi sikatai mke mwenza, sikumkataa miaka tisa iliyopita na simkatai leo, lakini nyumba yangu na yake zilikuwa mbili, naomba zirudi kuwa mbili, Chadia atafutiwe pengine… na hapo atanyamaza, maana kilichobaki alishakisema juzi kwa Aboubakar peke yake, mlangoni, kwa sauti ya chini, shemeji, tangu huyu mwanamke aingie hapa kila chenye uhai kinakufa, na mimi nilimwona kwa macho yangu alfajiri amesimama kwenye mimea yangu, midomo inacheza… hakulitaja lile neno, la hasha, hakulitaja, lakini mji huu una masikio, kuna neno halihitaji kutajwa ndipo lisikike, na Aboubakar aliliona likipita, akakohoa, akasema, "Mambo haya hatuyasemei mulangoni, Mama Hidaya, tutayakalia Ijumaa."

Na Chadia alikuwa anaongea, hatua nne kutoka hapo, juu ya kigoda, mikono ndani ya beseni la nguo, Chadia huongea akifua, tangu Aprili ziwa lilipopanda likaingia nyumba yake kule chini na Shaabani akamleta hapa na magodoro mawili yaliyolowa na mabinti wawili waliolala kwenye gari, Hidaya amejifunza kuyasikia maneno yake nusu tu, kama redio ya jirani, "…na ile furushi ya batoto nimeiweka nyuma ya mulango, yaya, na funguo ya stoo iko chini ya sahani, si kwenye musumari, juu ya musumari inaanguka…" sawa, sawa, funguo, sahani, yaya, dada mkubwa, ndivyo anavyomwita, na mizigo ameshafunga, nyumba nzima inajua kikao cha leo ni cha kumtoa, Hidaya akachukua bomba la sindano lisilo na sindano, lile la duka la dawa, akavuta maji kutoka kwenye kikombe, akadondosha tone moja juu ya mzizi uliobaki mzima, mzizi wa kijivu ulipolowa ukageuka kijani, hili ndilo jambo ambalo limemshika miaka saba, mzizi mkavu ni wa kijivu, ukinywa unakuwa kijani mbele ya macho yako, ni kitu gani kingine duniani kinakushukuru upesi hivyo, si mume, si watoto, watoto wake wako wawili, mmoja Uvira, mmoja Lubumbashi, wanapiga simu Idi… okidi thelathini na moja alikuwa nazo mwezi wa tano, leo ni tisa, na hii aliyoishika ni ya tisa ukiihesabu kwa huruma. Watu wanadhani okidi ni lile ua kubwa la plastiki linalouzwa na vyombo vya sebuleni, hapana, hizi zake zinaenea zote ukutani chini ya baraza, kila moja imefungwa kwa uzi wa cherehani juu ya kipande cha gamba, nyingine ukiiweka juu ya sarafu haifiki ukingoni, Shaabani mwaka wa kwanza alizipita miezi mitatu akidhani ni takataka za ukuni zinazokaushwa, na kweli zilikuja na takataka, zilikuja na makaa, Papa Germain muuza makaa huyashusha kwa baiskeli kutoka milimani, njia ya Mpala, na mdomo wa gunia hufungwa kwa matawi na majani ili makaa yasimwagike, siku hiyo kwenye tawi moja palikuwa na kitu kama shanga za kijani zimejipanga, Hidaya akalitoa lile tawi kabla halijaingia jikoni, hakujua kwa nini, akaliweka dirishani karibu na cherehani, na mwezi wa pili kikachanua, ua dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, rangi ya maziwa, doa la zambarau ndani, ilibidi avae miwani ya kutungia uzi ndipo alione, na alipoliona akacheka peke yake kama mwendawazimu, Papa Germain naye akacheka, "Mama Hidaya, hii haiko chakula, haiko dawa, munaitakia nini?" lakini tangu hapo kila mti unaoangushwa huko juu anakata kipande anamletea, watu wanachoma mlima, angalau hiki kibaki, na hivyo ndivyo ukuta ulivyojaa.

Alivijua kwa kuviua, mwenye kuuliza njia hapotei lakini hapakuwa na wa kumuuliza, cha kwanza alikipanda udongoni kama kitunguu kikaoza, cha pili akakiweka juani kikaiva, cha tatu na cha nne na cha tano akavipa maji ya ziwa, na maji ya ziwa ni matamu kwa chai na ugali lakini tazama ndani ya birika, ukoko mweupe mgumu kama chokaa, ule ukoko ndio uliobaki juu ya mizizi ukaikaba, ndipo akajua, hivi vitu vilizaliwa juu ya mti, havijawahi kugusa ardhi, havijawahi kunywa kitu kilichopita ardhini, vinataka maji ya mvua basi, na kiangazi cha Kalemie miezi mitano hakidondoshi hata tone, ndiyo maana ya pipa, pipa la bluu kwenye kona chini ya paa, linajazwa na mvua za Aprili na Mei, linafunikwa, halinyweki, halifuliwi nguo, vikombe viwili kwa siku hadi mvua zirudi, na kila mwaka ikifika Septemba analiinamisha pipa kama mlevi anayetafuta tone la mwisho, ila mwaka huu, hapa palikuwa na ajabu, mwaka huu Septemba imefika na pipa limepita nusu, juzi alifunua akaona maji karibu na mkono, akasema alhamdulillah, akasema ni kifuniko kipya alichonunua Shaabani kinachobana, jua haliyanywi tena, na jirani alimwambia kabisa, mwaka huu Mungu ameweka mkono ndani ya pipa langu… maji tele, na mimea inakufa, Mungu atoe kwa mkono huu na mtu aharibu kwa mkono ule, hesabu ilikuwa nyepesi, nani mgeni hapa, kikulacho ki nguoni mwako, Julai ncha za majani, Agosti mizizi, Agosti mwishoni zile sita za ukuta wa kati kwa wiki moja, na ile alfajiri ametoka kutawadha akamwona, Chadia, kanga kichwani, amesimama kwenye kona, kifuniko mkononi au kitu kama kifuniko, ardhi imelowa miguuni pake, midomo inacheza, alipomwona Hidaya akashtuka akasema "Shikamoo, yaya," akaondoka haraka, mtu mwenye moyo mweupe hashtuki… "…na maji ya kunywa yako kwenye jagi ya pili, ile ya kwanza bado haijafika dakika makumi tatu, musiwape batoto mbele ya dakika makumi tatu…" klori, mungu wangu, na klori yake, nyumba nzima inanuka kama hospitali, anaosha sahani kwa klori, anaosha nyanya kwa klori, kizingiti cha mlango anakipiga klori, Hidaya amesahau harufu ya kahawa yake mwenyewe, watu wa klore kule ufukoni wanamtilia dawa ya kuzuia kipindupindu kwenye bidoni, dumu lake la maji, kwa bomba kama hili hili, kipimo kimoja kwa bidoni moja, na akifika nyumbani anaongeza kizibo chake, hawaamini, wala huwezi kumlaumu ukikumbuka, mwaka juzi, mwezi wa kwanza, Jumaa, mwana wa Chadia, miaka minne, asubuhi alikuwa anakimbiza bata na magharibi alikuwa amekwisha, Hidaya alimfunga yeye mwenyewe kanga kiunoni yule mama maana mikono yake haikushika, siku hiyo watu wa klore hawakufika ufukoni, na Chadia akasema siku moja si kitu, akachota, akarudi, akampa mtoto kikombe, na siku zote tatu za matanga alikuwa anauliza kila anayeingia, wazee, mashehe, kipimo ni matone mangapi, ni matone mangapi…

"…na ile pipa yenu, yaya, sijui nani ataijaza, njo kitu naogopa, juu mugongo yenu inauma na njia ya ziwa ina mawe." Hidaya alikuwa amevuta maji nusu bomba, akasikia nusu, kisha nusu ya pili ikafika imechelewa kama mgeni kiwete, pipa yenu, nani ataijaza. "Pipa gani?" "Ile ya bleu. Ya maua yenu. Miye njo niko naijaza, kila Ijumaa mbele ya jua, bidoni moja, ikipungua sana bidoni mbili." Chadia hakuinua kichwa, alikuwa anakamua shati la Shaabani, alilisema kama mtu anavyosema nimefunga kuku, "Sikusema juu kwetu hatusemi. Mama alinifundisha, ukiingia nyumba ya bibi mukubwa, maji yake isipungue na yeye asisikie bidoni ikigonga. Bibi mudogo anayetangaza maji, maji yake haina baraka. Ile siku mulinikuta nilipata haya, nilisema sasa nimeharibu. Lakini kama ninaenda leo, lazima niseme, mutafute muntu. Na musiogope, ile maji ni safi kabisa, ya ziwa lakini nimeipiga klore mara mbili, haiko hata na mududu mumoja."

Haiko hata na mdudu mmoja… Hidaya alibaki na bomba mkononi, hakudondosha, hakurudisha, akilini mwake vitu vilikuwa vinahama mahali pao kimoja kimoja, bila kelele, Ijumaa kumi na tano, kumi na sita, na kila Ijumaa bidoni ya kilo ishirini, kutoka ufukoni hadi hapa, juu ya kichwa cha mwanamke ambaye kifua chake kinapiga filimbi akipanda ngazi tatu, kabla ya jua kutoka, akimimina polepole pembeni ya pipa ili lisigonge, midomo inacheza, bismillah, ilikuwa bismillah, ni nini kingine mtu anasema akimimina maji, mimi mwenyewe nasema bismillah nikimimina maji, na nikaupeleka mdomo ule kwa Aboubakar… na mkono wa Mungu ndani ya pipa, jamani, ulikuwa mkono huu unaokamua shati, wenye vidole vilivyobabuka kwa klori, na mimi nilimshukuru Mungu nikamsengenya mwenye mkono, na okidi zangu ishirini na mbili hazikuuawa na jicho wala husuda, zimeuawa na heshima, zimeuawa na mtu aliyekuwa ananitunza, na mimi nilikuwa nazitilia kila asubuhi kwa bomba hili, tone kwa tone, kwa mkono wangu, mchawi yuko wapi sasa, mlete tumwone, yuko amevaa miwani ya kushonea… akaona aibu, aibu yenyewe, ya kuchoma masikio, kama siku alipokata kitambaa cha arusi cha watu kinyume, na kitambaa hulipwa. Aseme basi, jambo ni jepesi, atasema, mdogo wangu, maji ya ziwa yanaziua hizi, na klori inaziua zaidi, usijaze tena, ni maneno machache, si matusi, mtu yeyote angeyasema, akafungua mdomo, na akamwona Chadia akiinua shati kwenye mwanga atazame kama limetakata, akiwa na ile tabasamu ndogo ya mtu aliyemaliza kazi yake sawasawa, akaufunga mdomo, maana angeambiwa nini yule, kwamba klori yake imeua, imeua nini, ishirini na mbili, na yeye aliyekosa klori siku moja akazika, ndiyo kitu pekee anachokishika tangu siku ile, kizibo kimoja cha ziada, ndicho kinachomfanya alale, ukimwambia hata hicho kinaua atashika nini… si leo, labda mwaka kesho, labda wakiwa wazee wawili wameketi hapa hapa wakicheka, hata yule mdogo atakuwa mzee siku moja, lakini si leo, leo jambo hili litakaa kwa Hidaya, amekaa na makubwa kuliko hili. Na okidi tisa… mvua za kwanza ni wiki tatu, labda nne, sufuria moja chini ya mchirizi, iwekwe upande wa cherehani ambako hakuna anayepita, na hadi hapo kuna birika, ukoko unabaki ndani ya birika, si ndiyo, basi maji yaliyochemka yameuacha ukoko nyuma, na moto unaifukuza harufu ya klori, yapoe, yawekwe kwenye chupa ya mafuta ya nywele, labda yatafaa, labda hayatafaa, zikibaki tano atashukuru, ikibaki moja yenye kichipukizi ile ya karibu na dirisha atashukuru, Papa Germain bado anashuka na makaa, na mlima, Mungu ausamehe, bado una miti ya kuangushwa. Kilicho kigumu ni sebule, kile kiti chenye mito, shemeji, nililokuambia mlangoni sikuliona, nililidhani, nilikosea, na Aboubakar atakohoa, atamtazama kwa lile jicho lake la wanawake-na-mambo-yao, na Shaabani ataangalia mkeka, na habari itafika kwa jirani kabla ya alasiri kwamba Mama Hidaya amemeza maneno yake, na ameze, maneno ni yake, bora yamkwame yeye kooni kuliko yamfuate mwanamke huyu mtaani hadi kwa mabinti wake shuleni, hapa watu wamewahi kufukuzwa kwa kidogo kuliko hicho, wamewahi kupigwa mawe kwa kidogo kuliko hicho, na alijua, hili ndilo linalomuuma, juzi pale mlangoni alijua kabisa linaweza kwenda wapi na bado aliliachia litembee. Atalirudisha. Atasema mbele ya wote wawili, na Chadia akiwepo, chumba cha nyuma ni chake, cherehani itahamia barazani, watoto wamezoea shule, ziwa lirudi lisirudi, nyumba ni moja.

Jua lilikuwa bado kwenye ukuta ule ule, halijafika mlangoni, tone lilikuwa bado kwenye ncha ya bomba, kubwa, halijaanguka, na Chadia alikuwa bado anaongea, ameshatoka kwenye shati amefika kwenye soksi, "…lakini kama kikao ni saa nane, saa bado iko, bantu ya klore bado bako ufukoni, ninaweza kwenda mbio. Yaya? Nijaze ya mwisho, ama niache?" Hidaya akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga ingawa haikuwa na kitu. "Jaza," akasema. "Na Ijumaa ijayo pia."